Kabla ya kengele ya skuli, turekebishe saa ya tumbo

Kila Januari skuli zinapofunguliwa, sisi walimu wa madarasa ya chini huwatambua mapema watoto waliokuja bila kula. Saa nne haijafika, mtoto amelaza kichwa juu ya dawati. Mzazi ukimpigia simu, atakwambia, "Mwalimu, huyu ana kiburi. Nimempikia, amekataa."

Mara nyingi si kiburi. Tumbo lake bado liko likizoni.

Likizo ya Desemba mtoto hulala saa tano au sita ya usiku na chai ya asubuhi akainywa saa nne. Mwili huzoea. Siku ya kwanza ya skuli tunamwamsha saa kumi na moja unusu na kumwekea sahani mbele. Yeye hana njaa, gari la skuli linapiga honi nje, na ugomvi unaanza.

Sisi watu wa Pwani jambo hili si geni kwetu. Daku la kwanza la Ramadhani huwa halishuki, lakini baada ya siku chache mwili umeshika saa zake. Basi mtoto naye apewe siku hizo. Wiki moja kabla ya kufungua, alale mapema kidogo kila usiku na aamke mapema kidogo kila asubuhi. Anzeni na chakula cha usiku: kiliwe mara baada ya magharibi. Mtoto aliyekula wali na samaki saa nne ya usiku hawezi kuwa na njaa alfajiri.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Mahamri matupu na chai ya sukari nyingi hushibisha upesi, na njaa hurudi upesi. Sisemi tuyaache mahamri. Mwenzake tunamjua: mbaazi za nazi. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, husagika tumboni polepole, na nguvu yake humfikisha mtoto mapumziko. Mzazi anayetoka alfajiri kwenda kazini anaweza kuchemsha mbaazi usiku, kisha asubuhi azichemshe tena na kutia tui. Pasipo mbaazi, yai moja la kuchemsha lina gramu 6 hivi za protini. Mtoto asiyeweza kutafuna alfajiri apewe uji wa wimbi wenye maziwa.

Kuhusu chai, kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi. Majani ya chai yana tanini, ambazo hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi, kunde na mchicha. Mtoto mwenye upungufu wa chuma huchoka haraka na hushindwa kufuata somo. Kwa hivyo chai isinywewe pamoja na mbaazi. Iwekwe wakati mwingine, angalau saa moja baadaye. Vitamini C hufanya kinyume, husaidia chuma kuingia mwilini. Januari maembe yamejaa sokoni. Kipande kimoja cha embe, au ndimu iliyokamuliwa juu ya mbaazi, kinatosha kusaidia.

Mkebe wa chakula nao unataka akili, maana kaskazi ina joto. Wali wa nazi uliopakiwa alfajiri waweza kuchacha kabla ya saa sita. Heri chapati, kiazi kitamu cha kuchemsha, yai lililo na ganda lake, ndizi au chungwa. Chupa iwe ya maji. Soda ya mililita 300 hubeba karibu vijiko 8 vya chai vya sukari.

Halafu kuna saa tunayoisahau, kati ya skuli na chuo. Mtoto akitoka darasani huelekea madrasa, na shilingi alizo nazo huishia kwenye achari, krispi za muhogo na mabuyu ya rangi. Buyu lenyewe halina ubaya, lina vitamini C. Kilichozidi ni sukari na rangi. Mpe muhogo wa kuchemsha au karanga kidogo ale kabla ya kuingia chuoni, na hamu ya vibandani itapungua.

Wazazi wenzangu, msimlazimishe mtoto kumaliza sahani. Mpakulieni kidogo, kaeni naye mle pamoja, aongezewe akitaka. Wiki ya kwanza akila nusu hamri na mbaazi vijiko vitatu, mshukuruni; wiki ya pili ataongeza mwenyewe. Lakini akiwa anakula na kulala vizuri kwa wiki kadhaa na bado anachoka au anaonekana mweupe machoni na viganjani, mpelekeni kituo cha afya apimwe damu.