Kabla baba hajafanyiwa upasuaji wa Parkinson

Baba hawezi tena kufunga vifungo vya shati. Chai humwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Dawa zilizomsaidia kwa miaka sasa zinaisha nguvu mapema, na daktari ametaja upasuaji wa ubongo. Swali la familia ni moja: utamsaidia?

Upasuaji huu ulianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, chini ya Profesa Alim-Louis Benabid. Waya mwembamba huingizwa ndani kabisa ya ubongo na kuunganishwa na betri ndogo iliyowekwa chini ya ngozi ya kifua. Umeme wake hutuliza mtetemeko na kupunguza kukakamaa kwa misuli. Hauponyi ugonjwa, na si wote wanaopata nafuu sawa.

Hapo ndipo picha za ubongo zinaposaidia. Mwaka 2017, watafiti wakiongozwa na Andreas Horn walichapisha utafiti wa wagonjwa 95 waliopasuliwa Berlin na Würzburg, Ujerumani. Fikiria swichi ya ukutani: kinachowasha taa si swichi peke yake, bali nyaya zinazotoka hapo. Watafiti waliangalia waya umekaa wapi, na mahali hapo pameunganishwa na sehemu gani za ubongo. Walichojifunza kwa wagonjwa wa Berlin walikitumia kukisia nafuu ya wale wa Würzburg, wakakosea kwa wastani wa asilimia 15.

Lakini hesabu hiyo ilifanywa waya ukiwa tayari kichwani. Kabla ya upasuaji, MRI humwonyesha daktari njia ya kupitisha waya, na kama ubongo umesinyaa sana au una tatizo jingine.

Kwa hiyo muulizeni daktari: levodopa bado inamsaidia baba kiasi gani? Hupimwa akiwa hajameza dawa, kisha baada ya kumeza. Kwa kawaida, kisichopata nafuu kwa dawa hakipati kwa waya, isipokuwa mtetemeko. Ulizeni pia kama kumbukumbu yake imepimwa, na nani atarekebisha kifaa baadaye.

Mwisho, muulizeni baba mwenyewe anatamani kurudishiwa nini. Akisema vifungo vya shati, matumaini yapo. Akisema majina ya wajukuu anayoyasahau, mwambieni ukweli mapema: upasuaji huu hautayarudisha.