Je, Wajua?

Je, wajua kuwa baiskeli za milimani zilianzia kwenye mikweche? Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, waliteremka mlima kwa baiskeli nzito kuukuu. Breki ya gurudumu la nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi, ikabidi ipakwe upya. Mwaka 1977, Joe Breeze akaunda fremu mahsusi kwa kazi hiyo.

Leo, baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu ni nyepesi na hupanda vizuri. Yenye shokapu mbele na nyuma hupunguza mitikisiko ya mawe na mizizi, ila ni ghali. Ya kuteremkia, shokapu zake hubonyea hadi milimita 200. Kupanda kilima kwa baiskeli hiyo ni adhabu. Kwa barabara za vumbi, shokapu ya mbele yatosha.