MIGOMBA MIPYA YA TARIBAN NA KIBANJA CHAKO

Mkulima wa Bugene, huenda umekwisha kusikia habari za migomba mipya iitwayo TARIBAN. Labda umeiona kwa jirani, au umeisikia sokoni Omurushaka, ambako kila habari hukua kidogo kabla ya kufika nyumbani. Wako wasemao kwamba migomba hiyo haiugui kamwe. Neno hilo si kweli, na yafaa lisahihishwe kabla hujashika jembe, kwa maana mtu akiliamini aweza kupoteza kibanja chote alichoachiwa na baba yake.

Aina hizi ni nne, nazo ni TARIBAN 1, 2, 3 na 4. Ziliidhinishwa nchini mwaka 2021, baada ya kujaribiwa na wataalamu wa TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ambao kituo chao cha mkoa wetu kiko Maruku, karibu na Bukoba. Uzao wake ulianzia Uganda, katika kituo cha Kawanda, ambako watafiti wa serikali ya nchi hiyo walifanya kazi pamoja na shirika la kimataifa la utafiti liitwalo IITA.

Kuzaa mgomba mpya ni kazi ngumu kuliko kuzaa mahindi mapya. Wewe mwenyewe hujapata kukuta mbegu ndani ya ndizi ya kupika. Migomba yetu hukua kwa machipukizi, na mtoto huwa sawasawa na mama yake. Kwa hiyo ugonjwa unaomshinda mama humshinda na mtoto, hata baada ya miaka mia. Watafiti walitafuta migomba michache ya nyanda zetu ambayo hukubali kushika mimba ikipewa chavua ya mgomba mwingine. Miongoni mwayo ni Enzirabahima na Nakawere. Baba alikuwa mgomba wa mwituni uitwao Calcutta 4. Huo una vindizi vidogo vilivyojaa mbegu, wala hakuna mtu awezaye kuvifanya chakula, lakini majani yake hushindana vizuri na maradhi. Mfanyakazi hupanda ngazi asubuhi, hupaka chavua kwa mkono juu ya maua ya kike, kisha huyafunika kwa mfuko ili wadudu wasilete chavua nyingine. Mikungu mingi haitoi hata mbegu moja. Mbegu chache zipatikanazo huota kwa shida udongoni, basi kiini chake hutolewa kwa uangalifu na kulelewa ndani ya chupa. Watoto wa kwanza huozeshwa tena na migomba mingine iliyochaguliwa, ndipo wapatikane wajukuu wa kupandwa shambani na kupimwa, wengi wakitupwa na wachache wakibakizwa. Kazi hiyo ilianza Kawanda katika miaka ya 1990. Sasa unaona kwa nini mche mmoja usiutendee kama jani la kufungia maharage.

Faida kubwa iliyotafutwa ni kushindana na ugonjwa wa majani uitwao Sigatoka nyeusi. Jani hupata michirizi myeusi, hukauka kabla ya wakati, na mkungu hubaki na ndizi nyembamba kwa kukosa chakula. Ugonjwa huu ulionekana Pemba mwaka 1987, kisha ukaenea bara. Lakini hauna nguvu sawa kila mahali. Hupenda joto na unyevu, kwa hiyo huwasumbua zaidi watu wa kando ya ziwa kuliko sisi wa vilima vya Karagwe, wenye usiku wa baridi. Mwenye kibanja bondeni Kyerwa aweza kuona tofauti kubwa. Mwenye kibanja juu kabisa ya kilima asitazamie muujiza katika majani. Yeye atafute faida katika ukubwa wa mkungu, na huo hutegemea samadi pia.

Na ladha? Hapa wenyeji wana haki ya kuuliza. Kati ya mwaka 1997 na 2002 mradi wa Kagera Community Development Programme, uliosaidiwa na Ubelgiji, uligawa migomba mingine mipya, nayo mingi ilikuwa ya jamii ya FHIA kutoka Honduras. Mikungu yake ilikuwa mikubwa mno, lakini katika sufuria akina mama wengi waliona haifikii Nshakala au Nyoya, basi ikawa zaidi ya kuivisha na ya rubisi. TARIBAN ina damu ya migomba yetu ya kupika, na kwa hiyo iko karibu zaidi na ndizi tuliyoizoea. Hata hivyo mwamuzi ni mpishi wako. Apike ndizi zake peke yake, zisichanganywe na nyingine, atazame kama zinageuka manjano, kama ni laini, na kama ulaini huo unabaki zikipoa.

Sasa jambo lililo zito kuliko yote. Migomba ya TARIBAN HAIZUII UNYANJANO. Unyanjano ni ule mnyauko ulioingia mkoani Kagera katikati ya miaka ya 2000. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ua dume husinyaa, ndizi huiva kabla ya kukomaa na ndani yake huwa na weusi, na mgomba ukikatwa hutoa usaha wa manjano. Mgomba mpya hupatwa kama wa zamani. Mtu aliyeambiwa kwamba mgomba wake hauugui huacha kuchoma panga lake motoni, na panga hilo moja huweza kuambukiza kibanja kizima kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo shika desturi hizi bila kujali aina ya mgomba. Ondoa ua dume mara baada ya kichane cha mwisho kutokeza, ukilivunja kwa mti wenye panda, si kwa kisu, kwa kuwa wadudu huchukua ugonjwa kutoka ua hadi ua. Panga lipitishe motoni mpaka lipate moto sawasawa, au lioshe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, kila utokapo shina moja kwenda jingine. Mnunuzi wa ndizi asikate mkungu kwa panga lake. Mpe lako, hata akinung'unika. Mbuzi wafungwe. Ukiona mgomba mgonjwa, ukate chini kabisa usawa wa ardhi, choma panga, na umwite Bwana Shamba siku hiyo hiyo.

Huko ndiko liliko tatizo la machipukizi. Kwetu kupeana chipukizi ni ujirani mwema, na hakuna apendaye kumkatalia shemeji yake. Lakini chipukizi huonekana zima huku limebeba unyanjano, au fukusi na minyoo ndani ya tunguu. Nunua miche katika kitalu kilichokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, au uliza Maruku. Kikundi chaweza pia kuanzisha kitalu kidogo. Tunguu safi humenywa, macho yake hukatwa kwa alama ya msalaba, kisha hufukiwa katika unga wa mbao uliochemshwa, ndani ya kibanda kilichofunikwa kwa plastiki. Tunguu moja hutoa miche mingi badala ya machipukizi mawili matatu. Ila kama tunguu la kwanza lilikuwa gonjwa, kitalu hicho kitagawa ugonjwa kijiji kizima.

Ikiwa huna budi kutumia chipukizi, chagua lenye majani membamba kama upanga, kutoka shina lisilo na dalili yoyote. Menya tunguu mpaka libaki jeupe, kisha litumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu.

Mashimo yawe tayari kabla ya mvua za Septemba. Futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana zatosha, na nafasi ya mita 3 kati ya shimo na shimo. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, debe 2 au zaidi. Tandaza nyasi, ila usizisogeze mpaka kugusa mgomba. Mkungu ukianza kuinama, uegemeze kwa mti, kwa kuwa upepo wa kiangazi hauna huruma.

Usiing'oe Nchoncho wala Ntobe yako ili kupata nafasi. Panda TARIBAN mashina 5 au 10 upande mmoja wa kibanja, karibu na njia ili uyaone kila siku, na katika daftari andika tarehe ya kupanda, ya kuchanua na ya kukata, pamoja na uzito. Mkungu wa kwanza kwa kawaida huwa mdogo. Pima na wa pili, ulinganishe na Nshakala iliyopata samadi ile ile, ndipo uamue ni mashina mangapi ya kuongeza.