Chumbe: Mgeni akilala, mlinzi wa matumbawe analipwa

Kisiwa cha Chumbe kiko kilomita 12 hivi kusini mwa Mji Mkongwe, Zanzibar. Kina nyumba 7 tu za wageni, hakina bwawa la kuogelea wala kisima. Lakini pesa za hizo nyumba 7 ndizo zinazolipa walinzi, safari za wanafunzi na kazi ya kufuatilia hali ya matumbawe. Inawezekanaje?

Ilianza vipi?

Zamani upande wa magharibi wa Chumbe haukuvuliwa sana. Njia ya meli iko jirani na eneo hilo lilikuwa la jeshi, kwa hiyo mwamba ulibaki salama.

Mwaka 1991, Mjerumani Sibylle Riedmiller alianzisha mradi wa kuulinda. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba huo kuwa hifadhi, na uendeshaji ukawa mikononi mwa kampuni binafsi isiyotafuta faida.

Walinzi ni akina nani?

Wengi wa walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawabebi silaha. Mvuvi akiingia eneo la hifadhi wanamfuata na kuzungumza naye: samaki wakizaliana hapa kwa amani, wengine watatoka na kwenda kwenye maeneo ambayo yeye anaruhusiwa kuvua. Maneno hayo yanaingia zaidi yakitoka kwa mtu aliyewahi kuvuta nyavu mwenyewe.

Mgeni anafanya nini?

Anaogelea juu ya mwamba kwa miwani na mrija, akiongozwa na mlinzi. Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa ni kwa watafiti tu. Nyumba zinatumia maji ya mvua yanayokingwa kwenye paa, umeme wa jua na vyoo vya mboji, ili maji machafu yasifike baharini.

Wanafunzi nao?

Watoto wengi wa Zanzibar, hasa wasichana, wanakua kando ya bahari bila kujua kuogelea. Wakiletwa Chumbe wanavalishwa maboya na kutazama chini kwa macho yao. Hapo ndipo wengi wanagundua kwamba tumbawe si jiwe, ni mnyama hai. Baadhi yao kesho ndio watakuwa wavuvi, walimu au waongoza watalii.

Tatizo liko wapi?

Mfumo wote unategemea wageni. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya Uviko-19, mapato ya utalii yalikatika ghafla. Mwamba hauwezi kufungwa kama hoteli: mlinzi asipokuwepo, nyavu zinaweza kuingia siku hiyohiyo.

Halafu kuna joto. Bahari ikipata joto kupita kiasi, tumbawe linafukuza vijimea vinavyolilisha, linageuka jeupe na linaweza kufa. Ilitokea Bahari ya Hindi mwaka 1998, ikajirudia 2016. Hakuna mlinzi wa kuzuia hilo.

Kinachowezekana ni kupunguza majeraha mengine. Mwamba usiopigwa nanga, usiokanyagwa na wenye samaki wa kutosha wa kula mwani una nafasi nzuri zaidi ya kupona baada ya joto kupita. Nafasi hiyo ndiyo mgeni anayolipia akilala Chumbe.