Dakika tano za sifa, miaka 15 ya kungoja

Juma hili nimeona niweke kando siasa na bei ya unga, nizungumze nanyi habari za mwanamke mmoja wa Urusi, mcheza sinema na mwigizaji wa jukwaani, Lyudmila Gurchenko. Huenda wengi wenu hamjapata kumsikia. Hata hivyo habari yake inatuhusu, na inatuhusu zaidi sisi tunaokula kwa kalamu na kipaza sauti.

Gurchenko alizaliwa tarehe 12 Novemba, 1935, katika mji wa Kharkov, ambao leo ni Kharkiv ya Ukraine. Baba yake, Mark Gavrilovich, alikuwa mpiga akodiani. Vita vilipoanza mzee huyo alikwenda na jeshi, akiwatumbuiza askari. Mama na binti wakabaki mjini. Wajerumani waliingia Kharkov Oktoba 1941. Mtoto yule, ambaye hata miaka sita alikuwa hajaitimiza, akaona watu wakinyongwa hadharani, akajua na njaa ni kitu gani. Katika kitabu alichoandika juu ya utoto wake amesimulia jinsi alivyowaimbia askari wa adui ili apate cha kutia tumboni. Basi tunapomwona baadaye akicheza na kucheka, tukumbuke kwamba kicheko kile kilianzia kwenye shida.

Mwaka 1953 alikwenda Moscow kusomea uigizaji katika chuo cha sinema cha taifa, chini ya Sergei Gerasimov na mkewe Tamara Makarova. Kabla hajamaliza masomo, bahati ikamwangukia. Mwongozaji kijana, Eldar Ryazanov, alikuwa akitengeneza sinema ya kuchekesha iitwayo "Usiku wa Kanivali". Kisa chenyewe ni chepesi: vijana wanaandaa sherehe ya mwaka mpya, na bosi wao, mtu wa mafaili na mihuri, anataka hotuba ndefu badala ya muziki. Vijana wanamzunguka kwa hila hii na ile, na muziki unashinda.

Sinema hiyo ilitoka mwishoni mwa Desemba 1956. Stalin alikuwa amekufa mwaka 1953, na mwezi Februari wa mwaka huo wa 1956 Khrushchev alikuwa ameyafichua maovu yake mbele ya chama. Watu walikuwa wameanza kupumua, na hapo wakamwona bosi akichekwa hadharani, tena na msichana mwembamba mwenye kiuno cha nyigu, akiimba juu ya dakika tano zilizobaki kabla ya saa sita za usiku. Tiketi karibu milioni 49 zilikatwa. Gurchenko alikuwa na miaka 21 tu, na nchi nzima ikawa inamjua.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Katika nchi ile wakati ule studio zote za sinema zilikuwa za serikali, na hata majumba ya kuonyeshea. Msanii alilipwa kwa daraja aliyopangiwa, na malipo ya mwanafunzi yalikuwa madogo. Kwa hiyo wasanii wengi walifanya maonyesho ya pembeni, viwandani na katika vyuo, wakapewa bahasha. Warusi waliita kazi hiyo "ya kushoto", kama sisi tunavyosema kazi ya mlango wa nyuma. Kila mtu alijua, na wengi walifanya. Gurchenko naye alifanya.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 gazeti la vijana wa chama, Komsomolskaya Pravda, likaandika makala ya kumkejeli, na kichwa chake kilisema kwamba msichana huyu anacheza ngoma yake "kushoto". Akaonyeshwa kama mtu aliyelewa sifa na kuabudu fedha. Gurchenko mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba kulikuwa na jambo jingine nyuma ya pazia. Mwaka 1957 Moscow ilipokea tamasha kubwa la vijana wa dunia. Yeye, kwa maelezo yake, alitakiwa awapelelezee wakubwa habari za wageni, akakataa.

Iwe ilikuwa hivyo au sivyo, milango ilifungwa. Sinema yake iliyofuata, "Msichana Mwenye Gita" ya mwaka 1958, haikufua dafu, na wale waliokuwa wakimsubiri ateleze wakapata la kusema. Katika nchi yenye mwajiri mmoja tu, ukikataliwa na mwajiri huyo utakwenda wapi? Hapakuwa na studio ya mtu binafsi ya kukimbilia, wala gazeti la upande wa pili la kujitetea.

Kwa miaka 15 hivi alipata sehemu ndogondogo, au kubwa katika sinema ambazo hazikumrudisha juu. Alizunguka mikoani, na kila alikokwenda watu walitaka wimbo uleule wa dakika tano. Alikuwa na binti wa kulea, aliyezaliwa mwaka 1959, na ndoa hazikudumu. Alijiunga na jukwaa la Sovremennik, Moscow, miaka ya 1960, akacheza Roxane katika "Cyrano de Bergerac", kisha akaondoka. Lakini hakuacha kazi. Aliendelea kuitunza sauti na miguu yake, kama mkulima anayenoa jembe wakati wa kiangazi.

Mvua ikanyesha mwaka 1973. Mwongozaji Viktor Tregubovich alimpa sehemu ya mkurugenzi wa kiwanda cha nguo katika sinema "Kuta za Zamani". Hapakuwa na gita wala kiuno cha nyigu. Alikuwepo mwanamke wa makamo, mchovu, mwenye dhamana ya wafanyakazi wengi. Watu wakashangaa: kumbe huyu anaweza hata haya! Mwaka huohuo baba yake, aliyemwamini tangu utotoni, alifariki dunia.

Baada ya hapo kazi zilifuatana. Mwaka 1976 alicheza katika "Siku Ishirini Bila Vita" ya Aleksei German. Wakati wa kupiga sinema nyingine alivunjika mguu vibaya kwenye barafu, naye akarudi kucheza dansi. Mwaka 1978 ikaja "Jioni Tano" ya Nikita Mikhalkov. Na Ryazanov yuleyule wa "Usiku wa Kanivali" akamwita tena, akamfanya mhudumu wa mkahawa wa stesheni ya reli katika "Stesheni ya Watu Wawili", iliyoshindanishwa Cannes mwaka 1983. Mwaka huohuo serikali ikampa cheo chake kikuu cha usanii, Msanii wa Umma wa Kisovieti. Alifariki Moscow tarehe 30 Machi, 2011, akiwa na miaka 75.

Mtu atasema, si alishinda mwishoni? Mvumilivu hula mbivu. Naam, lakini methali hiyo isitumike kumwosha aliyekosea. Miaka ya mwigizaji kati ya 22 na 37 hairudi. Sehemu alizostahili kucheza akiwa kijana hazikuchezwa, na hakuna cheo kinachoweza kuzilipa.

Nasema haya kwa sababu na mimi nina deni. Zamani kidogo nilisoma hewani habari kwamba mwanamuziki mmoja amekimbia na fedha za wenzake. Sikumtafuta nimuulize, habari ilikuwa tamu. Siku ya nne ikabainika kwamba fedha zilikuwa benki muda wote. Tukasahihisha kwa sekunde chache, mwisho wa taarifa. Kosa lilisikiwa na mji mzima. Sahihisho sijui kama lilisikiwa na watu kumi.

Hapakuwa na dola iliyonisukuma, wala chama. Ilikuwa haraka yangu tu. Ndiyo maana siwezi kuwacheka Warusi wale. Makala huandikwa kwa saa mbili, ikasomwa kwa dakika tano, halafu gazeti likafungia vitumbua. Aliyeandikwa hubaki nayo.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.