Antene juu ya nyumba: kupata tele bila abonema, na kujikinga na radi

Mu kartie nyingi za Bukavu, abonema ya tele ikiisha, familia inabaki kuangalia kiyoo cheusi mpaka pesa ipatikane. Wengine wanasahau kama vituo vya mji, na RTNC pia, vinarusha picha mu hewa, na kuzipokea hakuombi malipo ya mwezi. Kinachohitajika ni antene, fili na mahali pazuri pa kusimika.

Antene hii si parabole. Parabole inaangalia setelite juu mbinguni. Antene ya kawaida, ile ya vijiti, inaangalia mnara wa kituo hapa chini. Urefu wa vijiti unafuata mawimbi. Mawimbi ya VHF, kwenye megahetsi 200 hivi, yanaomba kijiti cha sentimetre 75. Ya UHF, kwenye megahetsi 600, yanaomba cha sentimetre 25. Njo maana antene ya vijiti vifupi tu inaweza kushika shene moja na kukosa ingine. Afazali kuuliza muuzaji kama ile antene inapokea VHF na UHF zote mbili.

Milima na mabati

Mawimbi ya tele hayapendi kupita mlima. Mutu wa kwenye mgongo wa kilima anaweza kupata picha safi, na jirani yake mu bonde asipate kitu. Mabati nayo yanarudisha mawimbi, kwa hiyo antene ndani ya nyumba ya mabati inateseka. Kuipandisha juu ya paa, metre moja ao mbili juu ya mabati, kunasaidia kuliko kununua antene ya bei kali.

Kuielekeza kunaomba watu wawili. Mumoja anageuza antene polepole, mwengine anaangalia tele na kumujulisha. Ncha ya vijiti vifupi njo inaangalia mnara. Kama ni tele ya zamani, ya analojike, picha mbaya inaonekana na mchanga-mchanga, na mutu anajua yuko karibu kupata. Numerike, ile TNT, haiko vile: picha ni nzuri, ao inakatika vipande-vipande, ao hakuna kabisa. Kwa hiyo kila mara antene ikigeuzwa kidogo, dekoda iachiwe muda itafute, ndipo kugeuza tena.

Dekoda nayo ina neno lake. Chini ya mapatano ya Geneva ya mwaka 2006, inchi nyingi zilijipa siku ya 17 Juni 2015 kuacha analojike. Tele ya zamani haisomi numerike bila dekoda. Kabla ya kununua, inafaa kuuliza majirani ni shene gani wanapata, na kwa dekoda gani.

Fili

Fili ya antene ni ile ya mviringo, ya om 75. Fili ya taa haifai. Kuunga-unga fili na skoch kunapoteza nguvu, na maji ya mvua yakiingia, picha inakufa. Mbele ya fili kuingia ndani ya nyumba, iachwe ining'inie kidogo chini, ili maji yadondoke inje. Ukigawanya fili moja kwa tele mbili, kila moja inapata nusu ya nguvu.

Hatari haiko mbali

Setelite ya TRMM, ya Marekani na Japani, ilihesabu radi toka 1998 mpaka 2013. Kabare, jirani ya Bukavu, ilionekana ya kwanza mu Afrika yote: radi zaidi ya 200 kila mwaka kwa kilometa moja ya mraba. Mti wa chuma juu ya paa, kwa eneo kama hili, si mchezo.

Mti huo uunganishwe na fili nene ya shaba, ya milimetre 16 za mraba, ishuke moja kwa moja mpaka kwenye chuma kilichopigwa ndani ya udongo. Hiyo inapunguza hatari, haiimalizi. Mawingu yakianza kujikusanya, tele ichomolewe kwenye prizi, na fili ya antene itolewe. Radi ikiisha kuanza kupiga, mutu asiguse tena ile fili.

Hatari ya pili ni fili za SNEL. Mti wa metre 6 usimikwe mbali kupita metre 6, afazali mara mbili, ili ukianguka usizifikie. Na kama umeanguka juu ya fili za kura, hata mutoto akiwa karibu, hakuna kuugusa. Watu wasogee mbali, SNEL ijulishwe ikate kura kwanza.

Kupanda kwenyewe, kungoje siku kavu. Mabati yenye kulowana yanateleza, na hakuna match inayolingana na mguu uliovunjika.