Malkia Aliyeushikilia Mji wa Dimyat

Aprili 1250, Malkia Marguerite wa Ufaransa alikuwa Dimyat, karibu na mahali Mto Nile unapoingia baharini, akisubiri kujifungua. Habari zikamfikia kwamba mumewe, Mfalme Louis IX, aliyekuja Misri kwa vita vya msalaba, ametekwa na jeshi lake limesambaratika. Siku tatu baadaye alizaa mtoto wa kiume. Wakamwita Jean Tristan, kwa sababu ya huzuni ya siku zile.

Kuta za mji hazikumpa usalama. Jean de Joinville, swahiba wa mfalme aliyeandika habari za safari hiyo, anasimulia kwamba chumbani mwa malkia alilala mlinzi mzee wa miaka 80. Malkia alimwapisha amkate kichwa endapo adui angeingia mjini. Mzee akamjibu kwamba hilo alikwisha kulikusudia.

Siku ileile ya uzazi akaambiwa kuwa watu wa Genoa na Pisa, waliokuwa wakiulinda mji, wanataka kutoroka. Alijua maana yake. Dimyat ndiyo iliyokuwa mali pekee ya kumkomboa mfalme; ukiachwa mji, hakuna cha kupeleka mezani. Kesho yake aliwaita wakasimama mbele ya kitanda chake, akawasihi. Wakasema wanakufa njaa. Basi akaagiza chakula chote kilichopatikana mjini kinunuliwe, nao walishwe kwa gharama ya mfalme. Joinville anataja zaidi ya livre 360,000. Walinzi wakabaki. Mwezi Mei mji ulikabidhiwa kwa Wamisri na Louis akaachiwa. Fedha za fidia zilikuwa za kuwakomboa watu wake.

Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1221, binti mkubwa wa Raymond Berenguer, mtawala wa Provence, na Béatrice wa Savoie. Wazazi hao walikuwa na mabinti wanne, na wote wanne walivaa taji. Marguerite aliolewa na Louis mjini Sens mwaka 1234, akiwa na miaka kama 13. Éléonore akaolewa na Henry III wa Uingereza. Sancie alimpata Richard, ndugu wa Henry, aliyechaguliwa baadaye kuwa mfalme wa Wajerumani. Mdogo wao, Béatrice, akaolewa na Charles wa Anjou, ndugu wa Louis, ambaye alikuja kuitawala Sicily. Dada wawili, basi, waliolewa na ndugu wawili wa Ufaransa, na dada wawili na ndugu wawili wa Uingereza. Undugu huo ulisaidia kuwaleta karibu Louis na Henry hadi mkataba wa amani wa Paris wa 1259.

Lakini Provence yenyewe baba aliirithisha kwa binti mdogo, na kwa njia hiyo ikaangukia mikononi mwa Charles. Marguerite hakulisamehe jambo hilo. Aliidai haki yake kwa miongo mingi, hata alipokuwa mjane.

Nyumbani, mtihani wake ulikuwa mavyaa. Blanche wa Castilla alimtawalia mwanawe alipokuwa mdogo, na hata baada ya ndoa hakupenda kuwaona wawili hao wakikaa pamoja mchana. Katika jumba la Pontoise chumba cha mfalme kilikuwa juu na cha malkia chini, wakawa wanaonana kwenye ngazi ya mzunguko iliyoviunganisha. Mabawabu walipomwona Blanche akija, waligonga mlango kwa fimbo zao, na mfalme na malkia wakakimbilia kila mmoja chumbani mwake.

Walijaliwa watoto 11. Marguerite naye alitamani nguvu: alimwapisha mwanawe Philippe amtii mpaka afikishe miaka 30. Papa Urban IV alikibatilisha kiapo hicho mwaka 1263. Louis alipoondoka tena kwa vita mwaka 1270, hakumwachia mkewe serikali. Alifia Tunis mwaka huohuo, na Jean Tristan, mtoto wa Dimyat, alifia hukohuko.

Kanisa lilimtangaza Louis mtakatifu mwaka 1297, miaka miwili baada ya kifo cha Marguerite. Tangu hapo malkia amekuwa akitajwa nyuma ya mumewe. Kwa kazi ya Dimyat, anastahili kutajwa kwa jina lake mwenyewe.